Sanduku Lililofungwa: Giaboksi ya Otomatiki na Historia ya Dhamana ya Gari

Giaboksi ya otomatiki, yaani sanduku la gia linalobadili mwendo lenyewe bila dereva kukanyaga klachi, ni miongoni mwa sehemu za gari zilizogombaniwa sana kati ya mnunuzi na kiwanda, na sababu yake imo katika namna inavyoharibika. Betri ikifa au tairi likipasuka hakuna anayebisha, lakini giaboksi huanza kuugua kwa dalili zinazokuja na kuondoka: gari husita linapoanza safari, hutetemeka likiwa katika mwendo mdogo, hushtuka gia inapoingia, au injini hunguruma bila mwendo kuongezeka, kisha likifikishwa gereji huendeshwa na fundi kwa dakika chache na likaenda vizuri kabisa. Kwa hiyo dhamana, ambayo ni ahadi ya maandishi ya mtengenezaji kwamba katika muda au umbali uliotajwa atatengeneza bila malipo sehemu yoyote itakayothibitika kuwa na kasoro, hukabiliwa na swali linalotangulia swali la malipo, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kuthibitisha. Nchini Marekani, ambako giaboksi ya otomatiki ilianza kuuzwa kwa wingi na ambako ugomvi wa dhamana ya gari ulifika mahakamani na bungeni mara nyingi, mamlaka hayo yalinyang'anywa viwanda hatua kwa hatua, na mara kadhaa viwanda vikayarudisha mikononi mwao kwa njia ambazo sheria haikuzitarajia.

Wazo la gari linalojichagulia gia ni la kale karibu sawa na gari lenyewe. Mwaka 1904 ndugu wa familia ya Sturtevant wa Boston walionyesha sanduku la gia mbili lililobadilishwa na vyuma vizito vilivyosukumwa nje na kasi ya mzunguko, lakini chombo hicho hakikudumu, kwa kuwa vyuma vyake havikuhimili mzunguko huo. Ufumbuzi uliokuja kudumu ulitoka kwenye meli: mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya meli ya Vulcan mjini Stettin, alipata hataza mwaka 1905 ya chombo cha kupitisha nguvu kwa njia ya kimiminika, ambamo gurudumu moja lenye mapanga husukuma mafuta na mafuta hayo hulizungusha gurudumu la pili bila vyuma viwili hivyo kugusana. Miaka ya 1930 kundi la wahandisi wa General Motors likiongozwa na Earl Thompson, ambaye tayari alikuwa amelipatia gari la Cadillac la mwaka 1928 gia zinazoingiana bila kusagana, liliunganisha chombo cha namna hiyo na gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati ndani ya pete yenye meno, na matokeo yake yakawa Hydra-Matic, iliyotangazwa mwaka 1939 na kuuzwa katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940 kwa nyongeza ya dola 57.

Mpangilio wa ndani wa Hydra-Matic hauna budi kuelezwa kidogo, kwa maana ugomvi wote uliofuata umejengeka juu yake. Ndani ya sanduku hilo mafuta hayakuwa ya kulainisha tu kama yalivyo katika giaboksi ya mkono. Mafuta yaleyale yalipitisha nguvu kutoka kwenye injini, yalizibana sahani za klachi na mikanda ya chuma inayozuia gia fulani isizunguke ili nyingine izunguke, yalibeba joto lililozalishwa na msuguano, na kwa shinikizo lake yalipeleka amri katika msururu wa vali ndogo zilizoamua wakati wa kupanda na kushuka gia. Mafuta yakipungua, yakiungua au yakiwa ya aina isiyofaa, kazi zote hizo huharibika kwa pamoja, na dalili moja, kwa mfano gia kuteleza, yaweza kutokana na sahani zilizokwisha, mpira uliopasuka, vali iliyokwama kwa chembe ya uchafu, au pampu iliyochoka. Fundi wa kawaida aliyezoea kusikiliza na kushika hakuweza kujua ni kipi bila kulifungua sanduku, na kulifungua kulihitaji zana, usafi na mafunzo ambayo gereji nyingi za wakati huo hazikuwa nayo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya gari, mwenye chombo na fundi wake wa mtaani wakawa wageni mbele ya sehemu kubwa ya mtambo uliokuwa mali halali ya mwenye chombo huyo.

Vita Kuu ya Pili iliipa giaboksi hiyo sifa ambayo matangazo ya biashara yasingeweza kuinunua, kwani iliwekwa katika vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, na amani iliporudi mahitaji yake yalipanda kwa kasi. Buick walileta Dynaflow mwaka 1948, iliyotumia konveta, yaani chombo cha kimiminika chenye gurudumu la tatu linalorudisha mafuta kwa pembe inayoongeza nguvu ya kuzungusha. Packard wakafuata mwaka 1949, Chevrolet mwaka 1950 na Ford mwaka 1951. Kiasi ambacho sekta nzima ilitegemea chombo hiki kilidhihirika tarehe 12 Agosti 1953, pale moto ulipoteketeza kiwanda cha Hydra-Matic cha Livonia, Michigan, na kuua wafanyakazi, hata Cadillac na Oldsmobile wakalazimika kwa muda kuweka giaboksi ya Buick katika magari yao ili mauzo yasisimame.

Karatasi ya dhamana iliyoambatana na magari hayo haikukua sambamba na mtambo. Kwa miongo kadhaa watengenezaji walitumia maneno ya aina moja yaliyoandaliwa na chama chao, na maneno hayo yaliahidi siku 90 au maili 4,000, yaani kama kilomita 6,400, lipi litangulie. Ufupi wa muda huo ndio uliotajwa zaidi katika malalamiko ya watu, ilhali kasoro kubwa ilikuwa katika sharti lililofuata: mnunuzi alitakiwa kurudisha sehemu iliyoharibika kiwandani kwa gharama zake za usafirishaji, na sehemu hiyo ingebadilishwa endapo tu uchunguzi wa kiwanda chenyewe ungekiridhisha kwamba kasoro ipo. Mshtakiwa ndiye aliyekuwa shahidi, mtaalamu na hakimu. Tena dhamana hiyo ilitamka kwamba inachukua nafasi ya dhamana nyingine zote, za wazi na zisizotamkwa, na kwa maneno hayo ilifuta ile haki ya kale ya sheria ya mauziano inayosema kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara lazima ifae kwa matumizi yake ya kawaida. Ni vigumu kuisoma karatasi hiyo leo bila kuhisi kwamba iliandikwa kumlinda aliyeitoa.

Kesi iliyoivunja dhamana hiyo haikuhusu giaboksi bali usukani. Mwezi Mei 1955 Claus Henningsen wa New Jersey alimnunulia mkewe Helen gari jipya la Plymouth, na siku chache baadaye, likiwa limetembea maili 468 tu, usukani ulizunguka mikononi mwa mama huyo na gari likagonga ukuta. Sehemu ya mbele iliharibika kiasi kwamba haikuwezekana kubainisha kwa uhakika ni chuma gani kilichokatika, na kampuni iliyolitengeneza ikajikinga nyuma ya siku zake 90, maili zake 4,000 na wajibu wake wa kubadilisha sehemu mbovu pekee. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikataa kinga hiyo. Majaji waligundua kwamba kampuni tatu kubwa zilizotumia dhamana ya namna moja zilikuwa zimetengeneza asilimia 93.5 ya magari ya abiria ya mwaka 1958, hivyo mnunuzi aliyekataa masharti ya mmoja alikutana na masharti yaleyale kwa mwingine, na mkataba ambao mtu hana pa kuukimbilia hauwezi kuhesabiwa kuwa makubaliano ya hiari. Mahakama ikaamua kwamba wajibu wa kuuza gari linalofaa hauwezi kufutwa kwa maandishi madogo yaliyochapwa nyuma ya karatasi ya mauzo, na kwamba wajibu huo unamfuata mtengenezaji hata kama mnunuzi alinunua kwa wakala.

Mara baada ya hapo dhamana zikaanza kurefuka, ingawa shinikizo la ushindani lilichangia kama ilivyochangia hofu ya mahakama. Magari ya toleo la 1961 yalikuja na miezi 12 au maili 12,000, na mwaka 1963 Chrysler ikashangaza soko kwa kuahidi miaka 5 au maili 50,000 kwa injini, giaboksi na mhimili wa nyuma, sharti likiwa kwamba mwenye gari awe na uthibitisho wa kulihudumia kwa vipindi vilivyowekwa. Washindani wake walilazimika kuiga. Ahadi hii ndiyo iliyoiingiza giaboksi rasmi katika uwanja wa dhamana ndefu, na papo hapo ikafichua mvutano ambao haujaisha hadi sasa, kwa sababu anayetekeleza dhamana si kiwanda bali gereji ya wakala, na wakala hulipwa na kiwanda kwa viwango ambavyo kiwanda chenyewe huvipanga.

Inafaa kusimama kidogo juu ya nafasi ya wakala huyo, maana mara nyingi lawama humwangukia yeye bila kutazama kilicho nyuma yake. Kiwanda hutoa kitabu cha muda kinachosema kazi fulani huchukua saa kadhaa, na wakala hulipwa saa hizo hata kama fundi wake alitumia mara mbili yake. Uchunguzi wa kasoro inayojitokeza siku moja na kufichika siku tatu hauna saa zake katika kitabu hicho au unazo chache mno. Na kazi iliyofanywa chini ya dhamana ikikutwa haina vielelezo vya kuridhisha, kiwanda huweza kukataa kuilipa. Fundi aliyewekwa katika hali hiyo ana kila sababu ya kupendelea kazi ya mteja anayelipa taslimu, na akipewa gari lenye giaboksi inayosita huona ni salama zaidi kuandika kwamba hakuona kasoro kuliko kulifungua sanduku kwa hasara yake. Tume ya Biashara ya Shirikisho, ambayo ni chombo cha serikali ya Marekani kinachosimamia ushindani na haki za wanunuzi, ilichunguza dhamana za magari mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukuta malalamiko mengi yanatokana na mgongano huo wa masilahi. Wakati ripoti zake zikitoka, viwanda vilikuwa tayari vimeanza kuzifupisha dhamana zao ndefu kwa kuelemewa na gharama.

Sheria ya shirikisho ilifuata. Jimbo la California lilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 1970, kisha Januari 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyobeba majina ya Magnuson na Moss waliokuwa wabunge. Sheria hiyo haikumlazimisha mtengenezaji kutoa dhamana, ila ilisema kwamba akitoa ya maandishi lazima aiandike kwa lugha inayoeleweka, aeleze kama ni kamili au yenye mipaka, asifute haki zisizotamkwa, na asiifunge dhamana kwa sharti la kutumia vipuri au huduma za chapa yake isipokuwa anavitoa bure au amepata ruhusa ya Tume. Kipengele hicho cha mwisho kina uzito wa pekee kwa giaboksi, kwa kuwa hoja iliyotumika mara nyingi kukataa madai ilikuwa kwamba mafuta yalibadilishwa kwa fundi wa nje. Tangu 1975 hoja hiyo peke yake haitoshi, na kiwanda hutakiwa kuonyesha kwamba kazi ya fundi huyo ndiyo iliyosababisha ubovu. Kwa mara ya kwanza mzigo wa uthibitisho ulihamia, japo kwa sehemu, upande wa mwenye ujuzi.

Sheria mpya ilijaribiwa mara moja, na mtihani wake ulikuwa giaboksi. Uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 na viwango vya matumizi ya mafuta vilivyowekwa na Bunge la Marekani mwaka 1975 vilivisukuma viwanda kupunguza uzito wa kila kitu, na General Motors ikabuni giaboksi nyepesi iliyoitwa Turbo-Hydramatic 200, au kwa kifupi THM 200, iliyoanza na toleo la 1976. Giaboksi hiyo haikubaki katika magari madogo, bali iliwekwa pia katika magari makubwa zaidi ambayo hadi wakati huo yalikuwa yakitumia THM 350, mtambo mzito uliokwisha kujijengea heshima kwa mafundi. Wanunuzi waliodhani wamenunua ile ya zamani walianza kuona giaboksi zikifa mapema, nyingine zikiwa zimetoka tu nje ya dhamana, na ndipo walipojua kwamba ndani ya gari lilelile la jina lilelile mlikuwa na kitu kingine.

Madai yao yalikwenda njia mbili, na ulinganisho wake unafundisha. Njia ya kwanza ilikuwa mahakama. Wenye magari walidai, katika kesi inayojulikana kama Skelton dhidi ya General Motors, kwamba vipeperushi na matangazo ya kampuni yaliahidi ubora fulani, hivyo kuweka giaboksi duni kwa siri ni kuvunja dhamana chini ya sheria ya 1975. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Chicago iliamua mwaka 1981 kwamba sheria ilikuwa imefafanua kwa ufinyu kile kinachohesabiwa kuwa dhamana ya maandishi, na maelezo ya matangazo hayakuingia humo. Kesi hiyo iliishia katika suluhu baada ya miaka mingi, lakini uamuzi wenyewe ulionyesha ukomo wa sheria: karatasi ya dhamana huahidi kutengeneza kilichoharibika, haiahidi kwamba kilichowekwa ni chombo imara. Anayesoma hukumu hiyo kwa jicho la mnunuzi hawezi kukosa kuona kwamba mahakama ilisoma sheria kwa usahihi na bado haki ikabaki nje ya mlango.

Njia ya pili ilikuwa ya serikali. Mwaka 1980 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki General Motors kwa kutowaeleza wanunuzi kasoro ilizozijua katika giaboksi za THM 200, katika kamshafti za baadhi ya injini zake za petroli na katika pampu za injini zake za dizeli. Shauri lilimalizika mwaka 1983 kwa makubaliano yaliyozua ubishi mkubwa, ambayo hayakuilazimu kampuni kuwarudishia fedha wanunuzi wote kwa mkupuo, bali kukubali kila dai lipelekwe kwa msuluhishi chini ya mpango wa Better Business Bureau, mtandao wa ofisi zinazoendeshwa na wafanyabiashara, na uamuzi wa msuluhishi uifunge kampuni bila kumfunga mteja. Waliopinga walisema, na kwa haki, kwamba utaratibu huo uliwaachia watu waliochoka kazi ya kujithibitishia mmoja mmoja jambo ambalo Tume ilidai kampuni ilikuwa ikilijua kwa pamoja. Hata hivyo makubaliano hayo yalikuwa na kifungu chenye thamani: kampuni ilipaswa kuweka wazi taarifa za kiufundi inazowatumia mawakala, zile barua fupi zinazoeleza dalili fulani katika giaboksi fulani na namna ya kuitibu. Kabla ya hapo barua hizo zilisomwa gerejini tu, na kulikuwa na desturi, iliyokuja kupewa jina la dhamana za siri, ya kiwanda kuagiza kwamba mteja anayelalamika kwa nguvu atengenezewe bure hata kama muda wake umekwisha, huku asiyelalamika akilipa. California na majimbo mengine machache baadaye yalitunga sheria za kuzifichua.

Wakati shauri hilo likiendelea, jimbo dogo la Connecticut lilipata jibu ambalo wanasheria wakubwa hawakulifikiria. Sheria yake ya mwaka 1982, iliyosukumwa na mbunge wa jimbo John Woodcock, iliacha kuuliza kama kasoro imethibitika, ikauliza mambo yanayohesabika: kama gari jipya limerudishwa gereji mara 4 kwa tatizo lilelile bila kupona, au limekaa gereji kwa jumla ya siku 30, sheria itachukulia kwamba kiwanda kimepewa nafasi ya kutosha, na kitatakiwa kulibadilisha gari au kurudisha fedha. Majimbo mengine yote yakaiga katika muda wa miaka kama kumi. Katika historia nzima ya dhamana hakuna hatua iliyomfaa mwenye giaboksi mbovu kuliko hii, kwa sababu hati ya gereji iliyoandikwa kwamba gari lililetwa kwa kusita na fundi hakuona kitu, ambayo zamani ilikuwa ushahidi dhidi ya mteja, sasa ikawa mara ya kwanza, ya pili au ya tatu katika hesabu yake. Mawakala wengine walijibu kwa kutofungua hati kabisa, wakilipeleka gari barabarani kwa maneno tu na kumrudishia mteja funguo, na kila aliyeondoka hivyo aliondoka bila hesabu.

Kisha umeme ukaingia katika sanduku. Chrysler ilileta mwaka 1989 giaboksi ya A604, iliyodhibitiwa kikamilifu na kompyuta ambayo ilisoma kasi ya mihimili, ikaamuru solenoidi, yaani vali zinazofunguliwa na umeme, na kujirekebisha kadiri sahani za klachi zilivyopungua unene. Kompyuta hiyo ikihisi hitilafu iliifunga giaboksi katika gia ya pili ili gari lifike gereji bila kujiharibu zaidi, na ikaweka alama ya hitilafu katika kumbukumbu yake. Matatizo ya mwanzo yalikuwa mengi, na baadhi yalitokana na jambo dogo la kusikitisha: giaboksi ilihitaji mafuta ya aina maalumu, ilhali maelekezo ya awali ya kampuni yenyewe yaliruhusu mafuta ya kawaida pale yale maalumu yanapokosekana, na waliofuata ruhusa hiyo wakapata gari linalotetemeka. Alama za kompyuta zilimpa mteja shahidi asiyesahau, lakini zilimpa fundi pia sababu mpya ya kukataa, kwamba pasipo alama hapana kasoro, ingawa tetemeko la konveta au klachi inayoteleza kidogo yaweza kuwapo kwa muda mrefu kabla ya kompyuta kuiona.

Hali hiyo ilijirudia kwa mitambo ya kizazi kilichofuata. Giaboksi isiyo na ngazi za gia, inayojulikana kwa herufi CVT, hutumia mkanda wa chuma kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kujibana, na asili yake ni gari dogo la kampuni ya DAF ya Uholanzi la mwaka 1958. Nissan iliieneza katika magari makubwa ya soko la Marekani kuanzia 2003, malalamiko yakaongezeka, na mwaka 2009 kampuni ikarefusha yenyewe dhamana ya giaboksi hizo za matoleo ya 2003 hadi 2010 kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Hatua hiyo yastahili sifa, kwa kuwa ilitangazwa hadharani na iliwahusu wote, na ni kinyume kamili cha zile dhamana za siri za zamani. Ford kwa upande wake iliweka katika magari ya Fiesta na Focus giaboksi yenye klachi mbili kavu iliyoitwa PowerShift, ambayo ilitetemeka na kusita katika foleni, nayo pia ikalazimika kurefusha dhamana zake nchini Marekani. Nchini Australia jambo hilo lilifika Mahakama ya Shirikisho, ambayo mwezi Aprili 2018 iliiamuru kampuni ya Ford ya huko kulipa faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa namna ilivyowashughulikia walalamikaji kati ya Mei 2015 na Februari 2016. Kosa halikuwa giaboksi kuharibika. Wateja walikuwa wameambiwa kwamba tetemeko lilitokana na uendeshaji wao, na kampuni ilisema hivyo ilhali ilikuwa na taarifa za tatizo hilo. Miaka 58 baada ya kesi ya Henningsen, mahakama ya nchi nyingine iliadhibu tena kitendo kilekile cha mwenye ujuzi kumgeuzia asiye nao shaka ya macho na masikio yake.

Historia hii inaigusa Afrika Mashariki kwa njia ya Japani. Kampuni zilizoyajaza magari ya Kijapani giaboksi za otomatiki zilizaliwa kwa ubia na Wamarekani, Aisin-Warner mwaka 1969 na Jatco mwaka 1970, na magari hayo yakishatumika hufika bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwa wingi, mengi yakiwa na CVT, kama Honda Fit, Toyota Axio au Nissan X-Trail. Dhamana ya kawaida ya viwanda vya Japani kwa injini na giaboksi ni miaka 5 au kilomita 100,000 katika soko la huko, ilhali Kenya, kwa mfano, hupokea magari ya hadi miaka 8. Kwa hiyo gari la mtumba huingia barabarani likiwa limekwisha kuacha ahadi hiyo ng'ambo, na ukaguzi unaofanywa kabla ya kusafirishwa hutazama umri na usalama wake barabarani bila kulifungua sanduku la gia. Mnunuzi wa gari kama hilo hubaki na sheria za mauziano zilizorithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ambazo zinamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika. Haki hiyo ipo na haijafutwa na umri wa gari, ila ni wachache wanaoidai, na wengi wa wanaoidai hukosa karatasi.

Anayenunua gari jipya kwa wakala wa Nairobi au Dar es Salaam, na anayenunua la mtumba kwa mfanyabiashara wa mjini aliyemwahidi dhamana ya miezi michache, na asikubali kurudishiwa funguo kwa maneno matupu: adai hati kila anapoliacha gari gereji, yenye tarehe, kilomita na malalamiko yake kama alivyoyasema, na aidai hasa siku ile ambayo fundi amesema hakuona kitu.